Siku Kumi na Tisa za Betri

Namba ile ilikaa katikati ya kioo cha kompyuta kama mgeni asiyealikwa ambaye ameshavua viatu: kumi na tisa. Naima aliitazama amesimama, akaitazama amekaa, akatoka nje ya duka akahesabu bodaboda saba zikipita na magunia ya korosho, akarudi ndani. Kumi na tisa. Mgeni yupo palepale, na dalili zote za kulala.

"Ukiikodolea macho itaona aibu, itapanda yenyewe," alisema Basil, mwenye duka, bila kuinua kichwa kwenye mashine ya kutolea kopi.

"Mtani, leo niache."

"Leo ndiyo siku yenyewe. Nikikuacha leo nikutanie lini, siku ya arobaini yako?"

Basil alikuwa Mmakua wa Lupaso, Naima Mmakonde wa Newala, na baina yao kulikuwa na utani wa mababu ambao hakuna serikali iliyowahi kuutoza kodi. Walisoma chuo kimoja. Basil akafungua duka la kuchapa na kutoa kopi mjini Masasi. Naima akarudi Newala kufundisha fizikia sekondari. Kompyuta mpakato yake ilikuwa mzee wa kuheshimiwa: ukiipa hesabu nzito inazima ili ikapumzike. Kwa hiyo kila alipokuwa na hesabu ya maana alitia flashi mkobani, akateremka kutoka uwanda wa juu wa Newala mpaka Masasi, kwenye kompyuta ya Basil, yenye nguvu kuliko zote za mtaa ule, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchapa kadi za harusi.

Namba kumi na tisa ilikuwa ya siku. Ndizo siku ambazo betri moja ndogo ingeishi, kwa makadirio ya programu, ikilisha kichakataji, ubongo mdogo wa mashine, alichokibuni Naima mwenyewe kwa miezi kumi na minne, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Alihitaji siku tisini, urefu wa msimu mmoja. Na Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili jioni, sinia lilikuwa linafungwa.

Tuliseme hili la sinia lieleweke. Kiwanda cha kutengenezea chipu kiko mbali, ng'ambo ya bahari, na hakiwezi kuwasha mitambo kwa ajili ya mwalimu mmoja wa Newala. Ila kulikuwa na mradi uliowakusanya wabunifu wadogo mia mbili na kumi na mmoja, ukawaweka kwenye sahani moja ya silikoni kama walaji wa harusini: kila mtu na upande wake, na anayechelewa kunawa anawakuta wenzake wanalamba vidole. Kila mmoja anatuma mchoro mara moja tu. Sinia la mwaka ujao hakuna aliyelitolea dhamana, maana wafadhili walishaanza kukohoa. Halafu kilichochorwa kwenye silikoni hakifutiki. Programu ukiikosea unairekebisha kesho yake. Chipu ukiikosea, hongera, umekosea.

Na Naima alishakosea mara moja mbele ya watu.

Mwaka jana alifunga visanduku kwenye mikorosho ya watu kumi na mmoja kule Kitangari, akianza na ya Mjomba Abdulrazaki, kaka wa mama yake. Kisanduku kinapima joto na unyevu kila baada ya dakika kumi. Hali ikifika pale ambapo ubwiriunga unapenda, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, kinatuma ujumbe kwenye simu: piga salfa. Hali ikiwa nzuri kinanyamaza, na mkulima anatunza salfa yake na mgongo wake. Watu walikipenda. Kilinyamaza wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba Abdulrazaki akawa anapita barazani akisifu, "Mpwa wangu kaleta daktari wa mikorosho, na tunaendelea vizuri." Kumbe daktari alishakufa. Betri zilikwisha siku ya kumi na saba, na ukimya ambao watu waliusoma kama afya ulikuwa ukimya wa marehemu. Walipokuja kutazama juu, maua yalikuwa yamepakwa unga kama maandazi.

Naima aliwaambia kosa ni la vichakataji vya kununua. Vimetengenezwa kwa mbio, alisema, vinakula umeme kama jeshi lililopiga kambi. Nitabuni cha kwangu, kidogo, kisicho na makuu. Watu wa Kitangari ni waungwana. Walikubali, wakampa jina la Mwalimu Kimya, wakamwacha. Mjomba tu ndiye aliyesema miti yake ataitoa tena. Mara moja. Ya mwisho.

"Kumi na saba," Naima alijisemea sasa, akizungusha kalamu. "Cha kununua kilikaa siku kumi na saba. Changu kumi na tisa."

"Miezi kumi na minne ya kazi, faida siku mbili," alisema Basil. "Ungefuga kuku."

"Basil."

"Naam, mtani."

"Nimepunguza kila kitu. Nimeondoa nusu ya transista. Sehemu isiyotumika inazimwa. Kinalala, kinaamka kila baada ya dakika kumi, kinapima, kinalala. Umeme unakwenda wapi?"

Akasimama tena. Duka lilikuwa na urefu wa hatua sita, na mpaka kufikia saa tano asubuhi ile alikuwa amelipima mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulichorea ramani. Nje Oktoba ilikuwa inachoma bati. Majabali ya Masasi yalikuwa yameanza kutoa mvuke wa joto, na lori la korosho lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango likiunguruma bila sababu.

Basil akazima mashine ya kopi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata nafasi.

"Unajua mnanikumbusha nini, ninyi watu wa Newala? Ile harusi ya dada yako. Nimekaa pale na sahani yangu ya pilau, mtu mzima, nimevaa shati la mikono mirefu. Mara bomba la uani likakohoa. Likakohoa tu, halijatoa hata tone! Uwanja mzima ukainuka. Mkajaza ndoo. Mkajaza masufuria. Mama mmoja akamwaga mchuzi, mchuzi wa nyama, mtani, akajaza maji. Mkajaza na mabuti ya mgambo aliyekuwa analinda getini."

"Tunakaa siku tisa bila maji, tufanyeje? Tuoge Krismasi kwa Krismasi kama Lupaso?"

"Sikatai. Ila nyumbani kwenu matenki yote yalikuwa yamejaa tangu jana yake, boza la maji lilileta. Nikamuuliza mama yako, mama, haya ya kwenye mabuti ni ya nini? Akanitazama kama mimi ndiye mwehu. Ya nini! Mmakonde wa Newala haulizi ya nini. Akisikia bomba, anajaza. Kwanza ajaze, maana yake ataitafuta baadaye."

Naima alikuwa ameshafungua mdomo kumrudishia. Badala yake akanong'ona, "Ya nini."

Akakaa. Akavuta kompyuta karibu, akaanza kushuka kwenye mchoro wake haraka haraka, akipita vipande ambavyo asubuhi nzima alikuwa amevikagua, mpaka akafika kwenye kipande ambacho hakukikagua hata mara moja kwa sababu hakikuwahi kumletea shaka. Alikuwa amekipa jina mwenyewe. Kiliitwa Jaza.

Kazi ya Jaza ilikuwa hii. Kila kichakataji kinapoamka, kabla hakijapima chochote, kinakwenda kwenye kumbukumbu ya mbali, kinabeba vipimo vyote tangu siku ya kwanza ya msimu, kinavimimina kwenye kumbukumbu ya karibu mpaka pomoni. Kisha kinatumia kimoja: cha mwisho. Vingine vyote kinavimwaga, kinalala. Baada ya dakika kumi kinaamka, kinajaza tena.

Ndani ya kichakataji, kujumlisha namba mbili si kazi. Ni kama kumeza mate. Kinachokula umeme ni safari, kuzitoa namba zilikokaa kuzileta zinakofanyiwa kazi. Safari hiyo inawakosesha raha wabunifu wakubwa wa dunia, wenye viwanda na mishahara. Naima aliijua vizuri, aliwahi hata kuwafundisha kidato cha sita kwa mfano wa mwanamke anayeteremka bonde la Ruvuma na ndoo kichwani. Halafu akakaa mezani kwake Newala, akachora mwanamke anayeteremka bondeni mara mia moja arobaini na nne kwa siku kuchota pipa zima, anywe kikombe.

Na hakujiuliza ya nini. Ingemjiaje? Tangu akiwa na umri wa miaka minne, bomba likilia, mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye ndoo kabla akili haijaamka.

"Umenyamaza," alisema Basil. "Nimekuudhi?"

"Kaa kimya kidogo, mtani. Umenisaidia, lakini kaa kimya."

Kuna jambo lilikuwa linamtambaa shingoni kama siafu. Akafungua faili za mwaka jana, zile programu zilizokuwa zikiendesha vichakataji vya kununua. Akatafuta. Hazikumchelewesha. Mstari wa kumi na mbili, kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina lilelile. Jaza.

Kwa hiyo kile cha kununua hakikuwa na kosa. Kilikula umeme kwa sababu yeye ndiye aliyekiamuru. Mwaka mzima amelisingizia jeshi, kumbe mpishi ni yeye.

Alikaa akiwa ametulia kwa mara ya kwanza siku ile, na kwa kweli afadhali alipokuwa anatembea.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saba na nusu."

"Nikiondoa hiki kipande, mchoro wote unakaguliwa upya. Ni kazi ya saa tatu nzima. Ukikutwa na kosa kubwa sina muda wa kurudia."

"Na ule wa asubuhi?"

"Umeshakaguliwa. Hauna doa. Nikibonyeza sasa hivi umekwenda, utatengenezwa, utawaka, na utakufa siku ya kumi na tisa ukiwa juu ya mkorosho."

Basil akajikuna kidevu. Utani ulimtoka usoni akabaki mtu wa kawaida, jambo ambalo halikumpendeza. "Wengine wangetuma huo. Angalau jina lako lingekuwemo kwenye sinia."

"Jina langu Kitangari tayari ni Kimya. Sitaki kulichora kwenye silikoni." Alikuwa ameshaanza kufuta. "Ama huu mpya, ama sitii mkono."

Alimaliza saa nane kasorobo. Kompyuta ikaanza kukagua, feni yake ikapiga kelele ya mtu anayepandisha mashetani, na joto likaanza kutoka kwenye matundu yake kama mdomo wa tanuri. Saa nane na nusu feni ikaanza kukwama. Inazunguka, inasita, inafikiri, inazunguka. Basil akafungua ubavu wa kompyuta, akaweka kipande cha boksi, akapepea.

Hapo ndipo akaingia Mama Silvesta, muuza vitumbua wa jirani.

"Shikamoo, Mama Silvesta," walisema wote wawili.

"Marahaba. Basil, mwanangu, nimefuata ratiba zangu za kipaimara. Sitini. Kesho saa mbili Baba Askofu yuko kanisani."

"Mama, kompyuta ina kazi. Mpaka saa kumi na moja."

"Kazi gani? Mbona hakuna mtu anayeandika?"

"Inafikiri, mama," alisema Naima.

"Inafikiri!" Mama Silvesta akainama kuitazama. "Na jasho limeitoka. Mbona mnaipepea kama mzazi?"

"Ikizidi joto inazima. Ikizima, kazi yangu imekwisha."

"Mashine kubwa hivi inashindwa na joto la Masasi?"

"Zote zinashindwa, mama. Hata za Ulaya. Zamani kila mwaka walikuwa wanazifanya sehemu za ndani ndogo zaidi na za mbio zaidi, wakadhani wataendelea hivyo mpaka kiyama. Sasa zimekuwa ndogo mno na zimejazana mno, ukiziwasha zote kwa pamoja zinaungua. Joto limewasimamisha."

Mama Silvesta alilitafakari hilo kwa namna ya mtu aliyekaanga vitumbua miaka ishirini. "Jiko halikimbizwi," alisema. Akavuta stuli, akamnyang'anya Basil kile kipande cha boksi. "Lete. Unapepea kama unafukuza nzi. Na ratiba zangu zikichelewa, nitamwambia Askofu ni kosa la Mmakonde."

Akapepea mpaka saa kumi na moja kasoro dakika tano, akibadilisha mikono, huku akimhoji Naima ana watoto wangapi na kwa nini hana. Naima alijibu anavyoweza. Alikuwa anatembea zile hatua sita; akifika ukutani anagusa, anageuka. Aliwaza umeme ukikatika. Aliwaza watu kumi na mmoja wa Kitangari, mmoja mmoja, nyuso zao. Bi Anifa aliyekosa hata gunia moja mwaka ule, akamwambia, "Si kosa lako, mwanangu, ni la hivyo vyuma." Sentensi hiyo ilikuwa inampiga kila alipogeuka.

Kompyuta ikaacha kuunguruma. Watu watatu wakasongana mbele ya kioo.

Mia moja na tatu.

"Siku?" aliuliza Basil.

"Siku."

Basil akapiga kelele iliyomtoa dereva wa lori usingizini. Lakini Naima hakuwa akitazama tena ile namba. Alikuwa akitazama chini yake, ambako mstari mmoja ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Subiri. Kuna ishara moja inachelewa kufika. Kwenye baridi sawa, kwenye joto la kawaida sawa. Kisanduku kikikaa juani mchana inachelewa, kichakataji kinasoma namba ya uongo."

"Basi kirekebishe."

"Siwezi kukata nyaya upya. Ninachoweza ni kukipunguza mwendo." Alitazama saa. Saa kumi na moja na dakika nne. "Badala ya mapigo milioni hamsini kwa sekunde, kipige milioni nane. Ishara ipate muda wa kufika. Kukagua hilo peke yake ni dakika ishirini."

Alilisema kwa wepesi, lakini hakubonyeza mara moja. Mradi ule ulikuwa na ukurasa wenye orodha ya wabunifu wote, umepangwa kwa mbio za vichakataji vyao. Naima alikuwa wa kumi na mbili kati ya mia mbili na kumi na mmoja. Alikuwa ameuonyesha kwa mkuu wa shule. Alikuwa ameuonyesha kwa watu ambao hawakuuliza.

"Kwa milioni nane utakuwa wa ngapi?" Basil alikuwa anaijua orodha ile, aliwahi kuichapa kwa rangi.

"Wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa, au wa mwisho wa heshima?"

"Wa mia mbili na kumi na mmoja, mtani. Mbele yangu kuna mtu ametengeneza kengele ya mlango." Akaandika nane, akabonyeza. "Ukungu wa mkorosho haukimbii. Sijui nilikuwa nakimbizana na nani."

Zile dakika ishirini zilikuwa ndefu kuliko zile saa tatu. Mstari mwekundu ukafutika. Siku zikapanda hadi mia moja na tisa. Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane Naima aliutuma mchoro, na mtandao ukauvuta taratibu kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu, asilimia kwa asilimia, ukasimama kwenye tisini na moja kwa muda wa kumsalisha mtu, ukamaliza. Ikaja namba ya kupokelewa. Saa kumi na mbili kasoro dakika saba.

"Basi," alisema Mama Silvesta. "Sasa kipaimara."

Naima alitegemea kwamba moyo ungetulia. Haukutulia. Akatoka nje, akasimama kando ya lori, akapiga simu Kitangari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umetuma?"

"Nimetuma. Chipu zitafika mwezi wa nne. Kabla ya maua."

"Alhamdulillahi."

"Mjomba." Akauegemea ubavu wa lori. "Mwaka jana nilisema betri zimekwisha kwa sababu ya vile vichakataji vya kununua. Si kweli. Sikudanganya kwa makusudi, nimejua leo. Kosa ni langu. Niliviagiza vibebe vipimo vyote vya msimu kila vinapoamka, na vilihitaji kimoja tu."

Upande wa pili kukawa na kuku, na mtoto anafagia uwanja, na Mjomba anapumua.

"Vyote vya nini?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo hivyo, mjomba. Vya nini."

"Mm. Umemwambia nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Mimi nilikupa miti nikijua kosa ni la wazungu," alisema Mjomba Abdulrazaki taratibu. "Sasa nakupa nikijua kosa ni la kwetu. Sijui lipi zito. Nitafikiria."

"Mjomba..."

"Nitafikiria, nimesema. Mwezi wa nne uko mbali. Lakini wale wenzangu kumi sitawaambia mimi. Bi Anifa, Twahiru, Jafari, wote. Njoo uwaambie kwa mdomo wako, na uwaandikie, maana ukitoka watabishana ulisema nini. Usiku mwema."

Akakata. Naima akarudi ndani akiwa ameshika simu kama kitu cha moto.

"Kasema nini?" aliuliza Basil.

"Kasema atafikiria."

"Kwa mjomba wa Kimakonde, hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Hata mama yangu hajui, na wamezaliwa tumbo moja." Akavuta karatasi kutoka kwenye bunda la duka, akaandika kwa mkono, akiwa amesimama. *Mwaka jana betri zilikufa kwa kosa langu mimi, Naima.* Akaisoma. Akakata neno "mimi", akaona kama anajificha, akalirudisha. Akaongeza mistari mitano ya kueleza, kwa Kiswahili ambacho Bi Anifa angekielewa bila kuitiwa mwalimu mwingine, bila neno lolote juu ya vyuma vya watu.

"Nichapie kumi na moja," alisema. "Naondoka na gari la kwanza alfajiri."

Basil alinyoosha mkono kuipokea. Mama Silvesta akauzuia, ratiba zake hamsini na nne zikiwa bado kwenye mashine.

"Foleni, mwalimu," alisema, na akamsogezea stuli. "Hebu nisomee ulichoandika, niangalie kama wataelewa."